Usiku Saba wa Bure

Kosa la kwanza katika kesi ya Hoteli ya Tausi lilikuwa la Kasiva Makau mwenyewe, na kufikia Jumatano asubuhi lilikuwa limeshamkosesha raha ya chai.

Jumatatu, meneja wa hoteli alikuwa amemwita na kumtandazia karatasi mezani. Kasiva alikuwa polisi kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kustaafu na kufungua ofisi yake ya upelelezi juu ya duka la viatu mjini Machakos. Alizitazama karatasi zile kwa dakika kumi, kisha akasema kwa ile sauti yake ya kituoni, "Huyu ni mtu wa ndani." Hakuwa amemhoji mtu yeyote. Lakini meneja, Jeff Mutua, alikuwa anangojea neno la namna hiyo, na saa nane mchana Safiya wa mapokezi akakabidhiwa barua ya kusimamishwa kazi. Alipewa mpaka Ijumaa saa sita mchana aeleze usiku wa mteja ulikokwenda. Asipoeleza, atapelekwa polisi.

Mteja mwenyewe aliitwa Jeremiah Nzioka, mzee wa Muthetheni. Kwa miaka mingi alikuwa ametembeza mbegu za kampuni moja kote Ukambani, na kila alipofika Machakos alilala Tausi. Hoteli ilikuwa na mpango wake: ukilala usiku kumi wa kulipa, unapewa mmoja wa bure. Mzee alikuwa amekusanya usiku nane. Wiki iliyopita alifika kaunta kuomba chumba cha Desemba, akaambiwa amebakiwa na mmoja tu. Saba ulikuwa umetumika, na yeye hakuwa ameulalia hata mmoja.

Saa tatu kamili akaingia ofisini kwa Kasiva, kofia mkononi, koti limepigwa pasi likakubali.

"Wĩ mũseo, mwaitu?" alisalimu kwa Kikamba, akimwita mama.

"Nĩ mũseo, Baba Mutinda," alijibu Kasiva, akimwita kwa jina la mwanawe. "Keti. Nataka unieleze hizo siku zako toka mwanzo. Ulikuwa umeziwekea nini?"

Uso wa mzee ukachangamka. Ilionekana ni jambo alilopenda kulieleza.

"Watu hawajui kutumia hizi vitu," alisema. "Mtu anapata usiku moja ya bure, kesho yake amelala. Jumanne! Mwezi wa pili, hoteli iko tupu, chumba ni elfu nne na mia tano. Sasa hapo umepata nini? Mimi nangoja. Desemba watu wa Nairobi wakijaa, hiyo chumba inaenda elfu kumi na sita. Usiku ni ile ile moja, lakini wewe umekula elfu kumi na sita. Na kadi haisemi ni chumba gani, kwa hivyo unaitisha ya juu kabisa, ya kuangalia milima ya Iveti. Unaingia saa nane kamili. Asubuhi hauruki breakfast, hiyo iko ndani. Unatoka saa nne, dakika ya mwisho."

"Umesoma hiyo mambo."

"Nimesoma sana. Na hauanzi kutumia mbili leo, moja kesho. Unaweka mpaka ifike wiki nzima. Saba ya kukaa, moja ya akiba."

"Wiki nzima ya nani?"

Mzee aliizungusha kofia mkononi.

"Yangu na Kanini. Bibi yangu. Tangu tuoane hajawahi kulala hoteli. Nilimwambia Desemba hii. Nilikuwa nimemwambia hata Desemba ile ingine, lakini siku zilikuwa sita tu, nikaona tungoje." Akaiweka kofia gotini. "Alinitoka mwezi wa nane. Kansa. Nikasema hata kama hayuko, nitaenda peke yangu nikae hiyo wiki, kwa sababu niliahidi. Sasa nafika, naambiwa mtu amekula."

Kasiva hakuwa mtu wa kubembeleza. Alimwambia pole, akamaanisha, kisha akarudi kwenye daftari lake.

"Kadi yako iko wapi?"

"Kwa sanduku ya marehemu. Yeye ndiye alikuwa anaweka vitu."

"Umeiona huko?"

"Hiyo sanduku haifunguliwi, mwaitu. Kwetu nguo za mama zinagawanywa na dada zake. Wako Kathiani, wamesema wakimaliza kupanda watakuja. Mpaka siku hiyo mimi sigusi."

"Na hii namba?" Kasiva alimsomea namba ya simu iliyoandikwa kwenye akaunti yake ya hoteli, inayoishia na 417.

"Aa, hiyo ni laini ya zamani. Kampuni ilinipatia ingine. Sijui hata ilienda wapi."

Kasiva aliipigia mstari namba hiyo.

*

Jeff Mutua alikuwa na viatu vinavyong'aa kupita kiasi na tabia ya kujibu swali kabla halijaisha. Kasiva alimfikia saa tano.

"Ni Safiya," alisema Jeff. "Yeye ndiye alikuwa kaunta siku zote saba. Ako na ndugu anaitwa Nurudin, anapelekea watu wageni huku na kule. Wameuza hizo usiku. Ni open secret, kila mtu anajua."

"Open secret inayojulikana na nani?"

"Si mimi nakwambia?"

Kasiva alimtafuta Nurudin kwa simu, akampata stendi, na kwa muda wa nusu saa tuhuma hiyo ikafa. Mwezi wa Februari wote, usiku huo ulipotumika, Nurudin alikuwa Mombasa kwa wakwe zake, amelazwa kwa mguu uliovunjika. Alimtumia Kasiva picha: plasta, tarehe, na shemeji wanne wakicheka pembeni ya kitanda. Hata angetaka kuiba, asingefika hata kaunta.

Kasiva akarudi kwenye karatasi. Safari hii alizisoma polepole, kama alivyopaswa kufanya Jumatatu. Usiku wote saba ulikuwa wa Februari. Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi za wiki moja, kisha Jumatatu, Jumanne na Jumatano za wiki iliyofuata. Chumba kilikuwa kile kile, nambari sita.

"Chumba nambari sita kikoje?" aliuliza.

"Cha nyuma, hapa chini," alisema Jeff. "Hakina view. Ukifungua dirisha ni mabati ya hospitali."

"Na bei yake Februari?"

"Elfu nne na mia tano. Katikati ya wiki hata unaweza kuniongelesha nikupunguzie."

Kasiva alizirudia tarehe zile kwa kidole. Kichwani alikuwa anamsikia mzee na somo lake. Mwizi wa usiku wa bure angeuuza Desemba, au wikendi ya harusi, wakati mji mzima hauna kitanda. Angechukua chumba cha juu. Huyu aliuchukua wakati wa bei ya chini kabisa, katika chumba kibaya kuliko vyote, na akarudi humo humo mara saba. Aliyefanya hivyo hakuwa anatafuta faida. Alikuwa anatafuta mahali pa kulala, na alihitaji pawe hapo hapo.

"Ili usiku wa bure utoke, kunafanyika nini?"

"Kompyuta inatuma namba ya siri kwa simu ya mteja. Anaisoma, receptionist anaiandika."

"Basi mara zote saba kuna mtu alisimama mbele ya Safiya na hiyo simu ya 417 mkononi. Ulijua hivyo Jumatatu?"

Jeff alitazama viatu vyake.

"Umeongea na anayesafisha nambari sita?"

"Emily? Emily ni wa vyumba, yeye hajui mambo ya system."

Kasiva alijilaumu tena. Kumbe si Jeff peke yake. Hata yeye hakuwa amewauliza wa vyumba.

Emily alipatikana nyuma, akianika mashuka. Alikuwa mwanamke mnene mwenye haraka, asiyeacha kazi kwa sababu ya mazungumzo.

"Mwezi wa pili? Nambari sita? Huyo namkumbuka," alisema. "Mama mmoja mwembamba, kitambaa kwa kichwa. Alikuwa anatandika kitanda mwenyewe mpaka nikamwambia mama, wacha, utanifutisha kazi. Akacheka."

"Breakfast alikuwa anakula?"

"Hata siku moja. Coupon anaweka tu kwa mkoba. Nilikuwa namletea uji hafifu na ndimu. Ndimu ndio alikuwa anataka. Na aliniuliza kama anaweza kubeba sabuni ya hoteli, ile ndogo ya tausi. Nikamwambia ni yako, oga. Akasema yeye haogi na hiyo, ameambiwa asiguse sabuni ya kunukia. Alikuja na kipande chake cha sabuni ya mche."

"Alisema ni nani aliyemlipia chumba?"

"Alisema mzee wake amempatia. Alisema hivyo kila siku, hata kama hujamwuliza. Mzee wangu amenipea hii hoteli nipumzike. Nikamwambia umebahatika." Emily alibana shuka kwa kibanio. "Alikuwa anatoka saa moja asubuhi, anatembea pole pole, anaingia hapo hospitali."

Njiani Kasiva alipita duka la dawa na kumwuliza muuzaji swali moja. Ni mgonjwa gani anayekatazwa sabuni ya manukato? Muuzaji hakufikiria sana. Ni wengi, alisema, lakini kwanza ni anayechomwa kwa mionzi, maana ngozi inakuwa kama ya mtoto na kila kitu kinaiwasha. Wanachomwa Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki nyingi, na mwishoni ndiyo wanaumia zaidi.

Kwa Kasiva kesi ilikuwa imekwisha hapo, barabarani, jua la saa saba likimpiga utosini. Lakini hakuona raha yoyote.

*

Safiya alikuwa anakaa na mama yake nyuma ya msikiti. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na miaka tisa kati ya hiyo ilikuwa ya kaunta ya Tausi. Alimkaribisha mtu aliyemponza, akamwekea kahawa na kaimati, na hilo lilimchoma Kasiva kuliko ambavyo angetukanwa.

"Safiya, nimekuja kukwambia pole. Jumatatu niliropoka."

"Yamepita, mama."

"Hayajapita. Ijumaa saa sita yanakuja. Nambari sita alilala Kanini, bibi wa Mzee Nzioka. Alikuja na simu na kadi, ukamwandika kwa jina la mzee bila mzee kuwepo. Ni kosa la hoteli, lakini si wizi. Sema hivyo tu, umalize."

Safiya alitazama kikombe.

"Sina la kusema."

"Kwa nini? Ametangulia. Unamficha nani?"

"Nilimwapia wallahi, mama. Alinishika mkono pale kaunta. Nilimwuliza mzee yuko wapi, sheria inamtaka mwenye kadi. Angeweza kunidanganya kama alivyowaambia wengine. Hakunidanganya." Akaisogeza sahani ya kaimati. "Zaidi ya hapo siwezi. Kiapo si kitu cha kuvunja kwa sababu ya kazi."

"Na mahabusu je?"

"Na mahabusu."

Kasiva alikasirika, na hakuficha. "Wewe mtoto una kichwa kigumu! Nikimwambia mzee, nitamvunja. Nisipomwambia, unaingia ndani kwa kosa ambalo halipo. Unaniachia mimi nichague?"

"Ulimwona mzee alipolia Ijumaa ile kaunta?" Safiya aliuliza kwa sauti ndogo. "Mimi nilimwona. Mimi ndiye niliyemgeuzia kompyuta asome."

Kasiva alikunywa kahawa yake yote, kwa adabu, akaondoka. Alikuwa amepata alichokitaka bila kuambiwa. Ikiwa Kanini hakutaka kumdanganya Safiya, basi aliyodanganywa Emily ni ile habari ya mzee kumpa. Mzee hakumpa. Kuna kitu Jeremiah Nzioka hakukisema ofisini.

*

Alhamisi alfajiri aliwasha gari lake dogo akashika njia ya Muthetheni. Mvua ilikuwa imeanza wiki hiyo na kila shamba lilikuwa na mtu ameinama.

Nyumba ya mzee ilikuwa safi, ila usafi wa mwanamume anayefagia katikati tu. Sanduku lilikuwa chumbani, la bati, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

"Baba Mutinda, nahitaji kuona ndani."

"Nilikwambia, mwaitu."

"Uliniambia. Ndiyo maana nataka tumwombe ruhusa dada yake."

Mzee alimpigia simu dada mkubwa wa marehemu huko Kathiani, akaweka spika. Kulisikika upepo na jembe likitupwa chini.

"Shemeji, kuna nini?" iliuliza sauti.

Mzee alieleza kwa Kikamba, kwa kirefu, akizunguka. Dada alisikiliza.

"Fungueni," alisema mwishowe kwa Kiswahili, ili mgeni asikie. "Lakini wewe usishike, shemeji. Huyo mama ashike. Na nguo asikunjue."

"Mama, niulize moja," alisema Kasiva. "Wakati wa kuchomwa, Kanini alikuwa analala kwako?"

"Wiki tatu za kwanza, ĩĩ, kwangu. Hizo za mwisho, aiya, hii milima yetu ilimshinda. Anashuka gari ametapika mpaka damu. Ndiyo shemeji akampatia siku zake za hoteli, karibu na hospitali. Nilifurahi sana. Nilisema huyu mwanamume anapenda dada yangu."

Mzee Nzioka aligeuzia uso dirishani. Dada akaaga, akarudi kwenye jembe lake.

Kasiva alifungua sanduku. Alifanya kama alivyofundishwa, kimoja kimoja, bila kukunjua nguo. Leso tatu. Gauni la kanisani. Chini ya gauni kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa fundo. Ndani yake aliona simu ndogo ya vibonyezo iliyozimika, kadi ya Hoteli ya Tausi yenye jina la J. Nzioka, kadi ya hospitali, kuponi saba za kifungua kinywa, na vipande saba vya sabuni katika karatasi yenye picha ya tausi.

Aliweka kadi ya hospitali juu ya kitanda, na karatasi ya hoteli kando yake. Tarehe zilifuatana. Aliyelala Jumatatu alichomwa Jumanne, aliyelala Jumanne alichomwa Jumatano. Hakuhitaji kueleza. Mzee alikuwa amesoma karatasi za wateja maisha yake yote.

Alichukua kipande kimoja cha sabuni, kisha akakumbuka ameambiwa asishike, akakirudisha.

"Hiyo harufu," alisema. "Ilikuwa kwa nguo zake. Nilidhani ni sabuni ya dada yake."

"Baba Mutinda, jana hukuniambia yote."

Mzee akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Aliniomba," alisema. "Januari, nikiwa nafunga mzigo niende Kitui. Akaniambia, Baba Mutinda, hizo siku zako za Tausi, si unipatie chache, nilale hapo karibu nikichomwa. Barabara inaniua. Nikamwambia, Kanini, Februari? Chumba ya elfu nne? Utaharibu. Ngoja upone, Desemba tutakaa sisi wote kwa ile ya juu." Alijifuta uso kwa kofia. "Nilimfanyia hesabu. Nilichukua kalamu, mwaitu, nikamfanyia hesabu kwa gazeti. Akaniangalia akasema ni sawa."

"Na hii simu?"

"Nilimpatia mimi. Ya kusikiza redio ya mahubiri. Nilisahau laini iko ndani."

Kasiva alikuwa ameshawaambia watu habari mbaya nyingi, milangoni, mahospitalini, kando ya barabara. Hakukumbuka hata mara moja aliyotamani zaidi kuwa amekosea.

"Aliwaambia wote kwamba umempa wewe," alisema. "Dada yake, wa vyumba, wote. Ni mtu mmoja tu aliyemwambia ukweli, akamwapisha asikwambie. Huyo ndiye kesho saa sita anapelekwa polisi kwa ajili ya malalamiko yako."

Mzee aliinyoshea kidole ile simu ndogo.

"Hiyo simu inaweza kupata moto?" aliuliza.

"Ukiwa na chaja."

"Iko."

*

Ijumaa saa tano na nusu walisimama mbele ya kaunta ya Tausi. Safiya alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, baibui jeusi, mkoba mapajani, kama mtu anayengoja daktari. Jeff alikuwa na faili.

"Nimekuja kuondoa malalamiko yangu," alisema Mzee Nzioka. "Hakuna mtu ameniibia."

"Mzee, lakini wewe mwenyewe ulisema hukulala."

"Sikulala. Alilala bibi yangu, alikuwa anachomwa hapo. Mimi ndiye nilimpatia. Nikampa kadi, nikampa simu, nikamwambia aende apumzike." Sauti yake haikutetereka. "Nilisahau. Mtu mzee anasahau."

Safiya aliinua macho. Alimtazama mzee, kisha Kasiva. Kasiva akatikisa kichwa kidogo. Siri haikuwa imetoka kwake; ilitoka sandukuni.

"Hata hivyo sheria ni mwenye kadi awepo," alisema Jeff. "Discipline ni discipline."

"Mpe onyo la maandishi," alisema Kasiva. "Nitakusaidia kuliandika. Na ukimaliza, tuandike lingine la meneja aliyemsimamisha mtu kazi bila kumwuliza anayesafisha chumba, na la mpelelezi aliyemshauri. Tutatia sahihi wote watatu."

Jeff alifunga faili. Saa sita kasoro kumi Safiya alikuwa nyuma ya kaunta yake, akivuta kiti mahali alipokizoea.

Mzee hakuondoka.

"Imebaki moja," alisema.

"Ndiyo, mzee wangu. Imebaki moja." Safiya alisita. Kiapo alichokula kilikuwa cha kutomwambia mzee kwamba Kanini alizichukua siku zake, na hilo sasa mzee alilijua. "Alhamisi ile ya mwisho alikuwa anaumwa sana. Nilimwambia lala, mama, usiku uko. Akakataa. Akapanda gari la Kathiani jioni ile, akarudi kesho yake asubuhi kuchomwa. Alisema ile ya nane ni ya Mzee."

Mzee alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Niandikie leo," alisema.

"Leo?" Safiya alishusha sauti. "Mzee wangu, mwezi huu bei iko chini kabisa. Utapata hasara. Ngoja Desemba, nitakuwekea ile ya juu, ya kuona Iveti. Nitakushikia mimi mwenyewe."

"Leo. Nambari sita."

Safiya hakubishana tena. Alibonyeza kompyuta. Mfukoni mwa koti la mzee kitu kililia mlio mfupi, na akatoa simu ndogo ya vibonyezo. Ujumbe ulikuwa umefika. Juu yake kulikuwa na jumbe nyingine saba, za Februari, zote za hoteli ile ile, zote zimeshafunguliwa na kusomwa.

Mzee alivaa miwani. Akamsomea Safiya namba moja moja, polepole. Nne. Tisa. Sifuri. Ya mwisho ilimshinda, si kwamba hakuiona, na Kasiva akainama kando yake akaisoma kwa niaba yake.